Ukienda Kudai, Simama Nje ya Mlango

(Haya ni maneno ya mfanyakazi wa maendeleo ya jamii kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku moja iliyofanyika kwenye ukumbi wa parokia, Ukambani. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)



Najua wengine mmewaachia watoto mbuzi, na wengine mmetoka nyumbani kabla ya jua kutoka ili mpate matatu ya kwanza. Kwa hiyo sitawapotezea wakati.

Nilipewa kichwa kikubwa: "Imani ya Mkristu katika maisha ya kila siku." Kichwa kama hicho mtu anaweza kukihubiri kutoka asubuhi hadi jioni, na watu wakarudi nyumbani vile vile walivyokuja. Basi nilifanya jambo moja. Katika ziara zangu za mwezi uliopita niliuliza kila kikundi: Ni kitu gani kinachovunja vikundi vyetu kuliko vitu vingine vyote? Nilidhani mtaniambia ukame, au bei ya ndengu, au madalali wanaokuja na lori na mizani yao wenyewe. Hapana. Karibu kila mahali nilijibiwa neno moja: deni. Mtu amekopa na halipi. Au amelipa na haikuandikwa. Au pesa zilikuwa kwenye sanduku na sasa hazipo.

Kwa hiyo leo tutaongea juu ya imani na deni. Mkiona ni jambo la kidunia mno kwa ukumbi wa kanisa, kumbukeni kwamba tulipoanza asubuhi tulisali Baba Yetu. Sisi Wakatoliki tunaomba tusamehewe makosa. Jirani zetu wa makanisa mengine, wakisoma Mathayo, husema deni. Nani amekosea? Hakuna. Mathayo aliandika kwa Kigiriki neno la deni, na katika Kiaramu, lugha aliyoisema Yesu nyumbani kwao, neno la dhambi na neno la deni ni moja. Kwa hiyo deni liko katikati ya sala ambayo sisi wote tunaijua kwa moyo, na kila siku tunalipita mbio tukielekea Amina.

Sasa, kukopeshana si jambo geni kwetu. Zamani wazee wetu walikuwa na mwethya. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, na asiyekuja kwa mwenzake, siku yake anajikuta na jembe lake peke yake. Wakikuyu waliita ngwatio, Waluo wakasema saga. Lile lilikuwa deni pia, ila lililipwa kwa jasho. Siku hizi tumeongeza pesa. Akina mama ishirini wanakutana kila Jumatano, kila mmoja anatoa shilingi 200, zinakuwa 4,000, na mezani pale pale zinakopeshwa. Ni jambo zuri sana. Nimeona watoto waliomaliza shule kwa pesa hizo, na matangi ya maji, na mama aliyeanza na kuku wanne na sasa anauza mayai sokoni. Sitaki mtu aondoke hapa akisema mfanyakazi wa Kanisa amekataza watu kukopeshana.

Lakini tuangalie kinachotokea mtu akishindwa. Nasema mliyoyaona kwa macho yenu, mtanisahihisha nikikosea. Mwezi wa kwanza anasema, "Nivumilieni." Mwezi wa pili hakuja mkutanoni. Mwezi wa tatu kikundi kinainuka chote, akina mama kumi na watano, wanaenda kwake. Hawabishi hodi. Wanaingia. Mmoja anachukua sufuria, mwingine viti, mwingine mtungi wa maji, mwingine anamfukuza kuku uani. Watoto wamesimama pembeni wanaangalia. Jirani wanaangalia. Na wale walioingia, wapendwa, ni wale wale aliokaa nao benchi moja kanisani Jumapili.

Mmenyamaza. Sawa.

Mahali pamoja, sitapataja, vitu vilivyochukuliwa vilikuwa sufuria mbili, jembe mbili na panga. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi. Ninyi mnajua mwezi wa kumi Ukambani ni nini. Mvua ya vuli ndiyo tegemeo letu, na mtu akikosa kupanda siku zile za kwanza, hapati tena. Yule mama alipanda kwa kuazima jembe, jioni, baada ya mwenye jembe kumaliza kwake. Mavuno yake yalikuwa debe moja na kidogo. Na deni? Deni lilibaki pale pale, kwa sababu jembe kuukuu haliuziki. Kikundi hakikupata pesa, mama hakupata chakula. Niambieni ni nani aliyefaidika.

Sasa tufungue Biblia. Kitabu ni Kumbukumbu la Torati, wengine Biblia zenu zimeandikwa Kumbukumbu la Sheria, ni kitabu kile kile. Sura ya 24. Sitawasomea, nyumbani mtasoma wenyewe kwa utulivu, ila nitawaeleza yaliyomo. Mimi hii sura huiita sura ya vikundi. Padri alinicheka nilipomwambia hivyo, lakini hakukataa.

Mstari wa 6 unakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, yaani dhamana ya deni. Unakataza hata lile jiwe la juu peke yake. Kwa nini jiwe la juu litajwe? Akina mama waliowahi kusaga kwa mawe wanajua. Mawe ni mawili, la chini ni kubwa na limekaa, la juu ndilo unaloshika mkononi. Mdai mjanja angeweza kusema, "Mimi sikuchukua kinu chake, nilichukua kijiwe tu." Lakini bila kile kijiwe hakuna unga, na bila unga watoto wanalala njaa. Sheria ilimjua huyo mjanja, ikamzibia njia. Na maneno yanayofuata ni makali: anayechukua kitu kama hicho ni kama amechukua uhai wa mtu kuwa rehani.

Katika kijiji chetu jiwe la kusagia ni nini? Mawe yenyewe sasa ni ya kumbukumbu, tunapeleka mahindi kwenye posho mill. Lakini jembe ni jiwe la kusagia. Sufuria ya kupikia ni jiwe la kusagia. Mtungi wa maji, kwa mtu anayetembea saa mbili mpaka mtoni, ni jiwe la kusagia. Cherehani ya fundi. Punda, kwa anayechota maji ya kuuza. Simu, kwa kijana wa bodaboda anayeitwa na wateja kwa simu. Redio si jiwe la kusagia. Viti vya sebuleni, hapana. Mbuzi wa tatu au wa nne, mtajadiliana wenyewe.

Tuendelee, mstari wa 10 na 11. Hapa ndipo nilipopata kichwa cha maneno yangu. Ukimkopesha mwenzako, usiingie nyumbani mwake kuchukua dhamana. Simama nje. Yeye ndiye atakayekuletea.

Nimekaa na maneno haya miaka mingi katika kazi hii, na bado yananishangaza. Mungu aliyeumba mbingu na nchi anajishughulisha na mahali ambapo mdai anasimama! Lakini fikirieni faida yake. Mdeni akiwa ndani na wewe uko nje, yeye ndiye anayechagua kitu cha kutoa, kwa sababu yeye ndiye anayejua kipi kikitoka watoto watalala njaa. Wewe huoni kama kitanda chake kina godoro. Huoni kama kuna unga. Watoto hawaoni mama yao akinyang'anywa. Wanamwona akitoka mlangoni na kitu mkononi, anatoa kama mtu mzima anavyotoa. Na zaidi, mkibaki nje, kesho mnaweza kusalimiana. Mkiingia, hamwezi. Hilo nimeliona mara nyingi: deni huisha, lakini kule kuingiliwa nyumbani mtu hakusahau mpaka anakufa.

Halafu mstari wa 12 na 13. Kama huyo mtu ni maskini na amekupa nguo yake ya kujifunika, usilale nayo. Mrudishie kabla jua halijazama. Na mstari wa 17 unaongeza kwamba nguo ya mjane usiichukue kabisa. Wengine watauliza: kama unairudisha kila jioni, ni dhamana gani hiyo? Ni swali zuri. Nadhani jibu ni kwamba ile nguo ilikuwa ukumbusho tu. Mdeni anakumbuka kwamba anadaiwa, na mdai anakumbuka, kila jioni akipeleka nguo, kwamba anayemdai ni mtu anayehisi baridi.

Angalieni sasa jambo moja ambalo wahubiri wengi hulipita. Sheria hii haikusema, "Usidai." Haikusema deni limekufa kwa sababu sisi ni ndugu. Dhamana ipo, mdai ana haki yake, na anaruhusiwa kuifuata mpaka mlangoni. Nasema hivi kwa sababu kuna upande wa pili, na upande huo nao una Wakristu.

Kuna mdeni ambaye ukimwuliza anakujibu, "Mungu atatenda." Mwezi ujao, "Bwana ni mwema, atafungua njia." Mwezi wa tatu amezima simu, na unasikia amejiunga na chama kingine ng'ambo ya mto, amekopa huko pia. Huyo analitumia jina la Mungu kama pazia. Kwa maoni yangu ni vibaya kuliko kusema wazi kwamba hataki kulipa, kwa sababu sasa amemtia Mungu katika daftari la wasiolipa.

Mtu wa kutufundisha hapo ni Zakayo, katika Luka 19. Tunampenda kwa sababu alikuwa mfupi na alipanda mti, watoto wa katekesi humwigiza vizuri. Lakini msikilizeni alivyoongea. Hakusema, "Bwana, nimetubu, tuombeane." Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Mara nne haikutoka hewani. Katika kitabu cha Kutoka, aliyeiba kondoo akamchinja au akamwuza alipaswa kulipa kondoo wanne. Zakayo alijihukumu mwenyewe kwa sheria ya mwizi, mbele ya watu, kwa tarakimu. Na kumbukeni Yesu alikuwa amejikaribisha nyumbani kwake kabla hajalipa hata senti. Chakula kilitangulia, hesabu ikafuata. Lakini hesabu ilifuata.

Kwa hiyo viongozi, kazi yenu kubwa ni kupambanua: huyu ameshindwa, au amekataa? Hamwezi kujua kwa kukaa mkutanoni na kupiga kura. Lazima mtu aende. Na Yesu ametupa utaratibu, Mathayo 18. Kwanza nenda peke yako, ninyi wawili tu. Asiposikia, nenda na mmoja au wawili. Asiposikia hao, ndipo uliambie kanisa lote. Hatua tatu. Vikundi vyetu huanza na ya tatu! Mtu amechelewa wiki mbili, usiku jina lake limewekwa kwenye WhatsApp ya kikundi, pamoja na kiasi anachodaiwa, na watu hamsini wamesoma, wengine wako Nairobi na Mombasa. Asubuhi mnamtumia ujumbe wa "Siku njema yenye baraka." Baraka gani?

Katika sura hiyo hiyo ya 18 kuna mfano wa mtumishi aliyesamehewa deni, akatoka nje akamkaba koo mwenzake. Huwa nafanya hesabu yake na vikundi, kwa sababu ninyi ni watu wa hesabu. Yule mwenzake alikuwa anadaiwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja. Basi ni siku mia za kibarua, si pesa kidogo, ni deni la kweli. Yesu hakulidharau. Lakini yule wa kwanza alikuwa anadaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Pigeni hesabu: siku milioni 60 za kibarua. Afanye kazi kila siku bila Jumapili, bila kuugua, angemaliza baada ya miaka zaidi ya 160,000. Na alimwambia mfalme, "Nivumilie, nitalipa yote"! Watu waliomsikia Yesu lazima walicheka. Nadhani walinyamaza waliposikia habari ya ile dinari 100.

Sasa nije kwa viongozi wenyewe. Maana pesa nyingine hazipotei kwa wakopaji.

Kuna kikundi nilichokifuatilia kwa muda mrefu. Akina mama wachapakazi, walikuwa na sanduku la bati lenye kufuli moja. Sanduku lilikaa kwa mweka hazina chini ya kitanda, na ufunguo ulikaa kwake pia. Mtoto wake akaugua usiku. Hospitali walitaka pesa. Mume alikuwa mbali kazini, simu haikushikwa. Mama akafungua sanduku. Alichukua kidogo akisema atarudisha mwisho wa mwezi, halafu mtoto akalazwa tena, akachukua tena. Mpaka katibu anagundua kwamba daftari na sanduku havilingani, zilikuwa zimetoka shilingi 18,600.

Yule katibu alifanya jambo la hekima. Alikwenda peke yake, jioni, na hakumwambia hata mume wake. Mweka hazina alilia, akasema yote. Wakakubaliana kwamba mkutano unaofuata yeye mwenyewe ndiye atakayesimama na kutaja kiasi, kabla mtu mwingine hajakitaja. Akasimama.

Kikundi kiligawanyika. Wengine walisema, "Sisi ni Wakristu, mtoto alikuwa mgonjwa, tumsamehe, tufunge daftari." Wengine wakasema, "Achukuliwe ng'ombe, afukuzwe, na chifu aambiwe." Mjadala ulikwenda mikutano mitatu. Mama mmoja mjane, ambaye kwa kawaida haongei, aliuliza swali lililowanyamazisha: "Kama mnasamehe pesa zangu, mmeniuliza?" Alikuwa na akiba yake ndani ya zile 18,600, karo ya mjukuu. Kusamehe kwa mali ya mwingine ni rahisi sana, wapendwa. Na yule mama hakuwa na chuki. Alikuwa anataka hesabu.

Mwishowe waliamua hivi. Mweka hazina alirudisha ufunguo na cheo, akabaki mwanachama. Atalipa shilingi 600 kila mwezi bila riba, miezi 31. Za mjane zitangulie. Ng'ombe asiguswe, maana maziwa yake ndiyo yanayotoa hizo 600. Na kila mwezi akilipa, inaandikwa na inasomwa kama malipo ya mtu mwingine yeyote, bila kumkumbusha habari za nyuma. Wanachama wawili hawakuridhika, walijitoa. Walisema kwamba mwizi wa kuku hupelekwa polisi, kwa nini huyu abembelezwe? Mimi sikuwa upande wao, lakini siwezi kusema hawakuwa na hoja. Mara ya mwisho nilipofika, yule mama alikuwa amebakiza miezi minne, na katibu na yeye walikuwa wamekaa mkeka mmoja wakichambua mbaazi.

Lakini swali langu linarudi nyuma. Ni nani aliyempa mama mmoja sanduku, na ufunguo, chini ya kitanda chake, peke yake? Kikundi kilisema, "Tunamwamini." Mimi naona tulimwachia mzigo. Mtakatifu Paulo alikusanya michango ya makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Someni Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8. Hakubeba peke yake. Alimtuma Tito na ndugu wengine wawili, mmoja amechaguliwa na makanisa yenyewe, na alieleza wazi kwamba anaogopa lawama juu ya pesa hizo. Kama Mtume Paulo aliona vema kuwe na mashahidi, mweka hazina wetu asikasirike akiambiwa kufuli ziwe tatu, na funguo zikae nyumba tatu. Hata siku hizi za M-Pesa, laini ya kikundi isikae kwa mtu mmoja na namba ya siri yake. Kati ya mitume kumi na wawili aliyeshika mfuko alikuwa Yuda, na Yohana anatuambia alikuwa akiiba. Kundi lile lilikuwa na Mwana wa Mungu kama mwenyekiti.

Na nina neno moja juu ya sala. Nimehudhuria mikutano ambapo mwanachama anauliza, "Zile pesa za mbegu zilifika ngapi?" na mwenyekiti anajibu, "Bwana asifiwe, muda umekwenda, tusimame tufunge kwa sala." Watu wote wanainama. Aliyeuliza anaonekana ni mtu wa fitina. Sala ya namna hiyo ni kifuniko cha sufuria. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane waliosema Kigiriki walikuwa wanarukwa katika mgao wa kila siku, watu wao wakanung'unika. Mitume hawakusema, "Acheni manung'uniko, tuombe." Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia mgao. Na majina yote saba ni ya Kigiriki! Inaonekana kazi walipewa watu wa upande ule ule uliolalamika. Sala ilifanyika pia, mitume waliwaombea na kuwawekea mikono, lakini baada ya swali kupata jibu.

Kuhusu riba nitasema kwa ufupi, kwa sababu najua tukianza hatutakula. Vikundi vingi hapa vinatoza kumi kwa mia kila mwezi. Aliyekopa 5,000 analipa riba 500 kwa mwezi. Akishindwa kupunguza deni lenyewe, kwa mwaka amelipa 6,000 na bado anadaiwa zile 5,000. Huyo ndugu ameuzwa. Torati ilikataza kabisa kumtoza riba ndugu aliye maskini. Baadaye Kanisa lilijadili sana jambo hili. Miaka ya 1460 huko Italia, katika mji wa Perugia, Wafransisko walisaidia kuanzisha mfuko wa kuwakopesha maskini ili wasikamuliwe na wakopeshaji. Watu wakabishana kama mfuko huo unaweza kutoza chochote, na mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano ulikubali malipo kidogo ya kugharimia uendeshaji. Maoni yangu mimi: mkopo wa biashara, tozeni kiasi kidogo, maana anayenunua ndengu na kuuza atapata faida, na faida hiyo igawanywe. Mkopo wa shida, yaani mgonjwa, msiba, njaa, usitozwe kitu. Wekeni mfuko wake pembeni, hata kama ni shilingi 20 kila mtu kila mkutano. Mkiwa na mfuko huo, mweka hazina mwenye mtoto mgonjwa usiku ana mahali pa kupiga simu.

Sura ya 24 ina mengine pia: mshahara wa kibarua ulipwe siku ile ile kabla jua halijazama, kwa sababu anautazamia. Ninyi mnaoajiri vibarua wa kupalilia na kuwaambia "Njoo Jumamosi", mstari wa 14 na 15 ni wenu. Na masazo ya mavuno yaachiwe mgeni, yatima na mjane. Hayo tutayaongea siku nyingine Mungu akipenda.

Sasa ni saa nne na nusu, na akina mama wa jikoni wamenionyesha ishara mara mbili. Baada ya chai hatutakuwa na hotuba tena. Kila kikundi kimekuja na katiba yake, niliwaomba. Mkae vikundi vikundi chini ya miti, mtafute kifungu kinachosema juu ya asiyelipa. Wengine mtakuta hakuna, imeandikwa tu "atachukuliwa hatua". Andikeni upya mambo matatu: ni nani atakayekwenda kwanza, peke yake, na baada ya siku ngapi, ni vitu gani havitachukuliwa kamwe kwa mwanachama yeyote, vitajeni kwa majina, jembe, sufuria, mtungi, na funguo zitakaa kwa nani na nani na nani. Saa sita tutarudi hapa ndani, katibu wa kila kikundi asome alichoandika, na wale wa vikundi vingine wawe huru kuuliza. Kikundi cha akina mama wa kule mtoni ndicho kitaanza, kwa sababu wao wana safari ndefu ya kurudi.